Tuliyemwita Mpemba

Habari ya kifo chake ililetwa na turniboi wa lori la kabichi. Lori lilikuwa limesimama nje ya lango la shule likipoza injini, nasi tulikuwa tunapalilia shamba la kujitegemea, akapaza sauti iliyofika hadi jikoni: "We binti wa juu kule! Mama yako kasema uombe ruhusa uje. Mpemba amefariki alfajiri!" Darasa zima likageuka kunitazama. Nyinyi mnaosimama mbele ya ubao huu wa gazeti kila Ijumaa mnajua kwamba mwandishi wa safu hii akitazamwa na watu zaidi ya mmoja huinama kutafuta kitu alichoangusha, hata kama hakuangusha kitu. Nikainama, nikaokota gugu. Kisha nikaenda kwa mwalimu wa zamu, naye akaniuliza swali ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa jepesi: "Marehemu ni nani wako?" Hakuwa mjomba, hakuwa baba mdogo. Alikuwa muuza duka wa kijijini kwetu. "Ni wa kwetu, mwalimu." "Anaitwa nani?" "Wanamwita Mpemba." Mwalimu akaweka chini kalamu. "Wanamwita? Na wewe unamwitaje?" Nikalitazama gugu nililokuwa bado nimelishika. Jibu nilikuwa nalo, ila nilikuwa nimeliweka akiba kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na siku yenyewe ilikuwa imefika.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze kwanza maana ya neno Mpemba kwa watu wa kwetu, juu ya Lushoto, pale mashamba yanapokoma na msitu unapoanza. Kamusi itawaambia kwamba Mpemba ni mtu wa kisiwa cha Pemba. Kamusi haijafika kwetu. Kwetu Mpemba alikuwa mtu yeyote aliyepanda mlima kutoka upande wa bahari, akavaa kofia ya kazi ya mkono, akauza kitu na kusema "mie" mahali ambapo sisi tunasema "mimi". Fundi cherehani wa sokoni alitoka Pangani, akaitwa Mpemba. Mwalimu wa madrasa alitoka Mafia, naye Mpemba, ila yeye kwa heshima aliitwa Mpemba wa chuoni. Kuna kijana wa kwetu kabisa, mtoto wa jirani, alikwenda kufanya kazi Tanga akarudi na kofia nyeupe na tabia ya kunywa kahawa bila sukari, bibi yake mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema, "Tazameni, mjukuu wangu amekuwa Mpemba." Yaani mtu angeweza kuwa Mpemba kama anavyoweza kuwa fundi au mwalimu, na akiivua kofia huenda akapona.

Huyu wetu ndiye aliyekuwa Mpemba kuliko wote, kwa sababu alikuwa na duka. Ukitumwa chumvi, unakwenda kwa Mpemba. Ukitaka mafuta ya taa, kiberiti, kipande cha sabuni, uzi mweusi, kwa Mpemba. Mzee mmoja alipoulizwa na mgeni kanisa la Walutheri liko wapi, alijibu, "Ukifika kwa Mpemba, panda." Na ukimuuliza msikiti, "Ukifika kwa Mpemba, shuka." Alikuwa katikati ya kila kitu, na katikati yenyewe ilikuwa na jina ambalo si lake.

Maana yeye hakuwa Mpemba. Alikuwa Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, kilichokaa karibu na ncha ya kaskazini ya Unguja kama ndama pembeni mwa mama yake. Wakubwa wanasimulia kwamba alipofika alijitahidi kweli kuwasahihisha. Alisahihisha kwa upole, akasahihisha kwa ukali, mwisho akasahihisha kwenye mkutano wa kijiji, ambapo mimi mwenyewe nilikuwepo nimekaa miguuni mwa mama. Ilikuwa wakati ule tunasajiliwa kuwa kijiji cha ujamaa, na mwenyekiti wetu alikuwa amerudi kutoka semina akiwa na maneno mapya mengi. Muuza duka akanyoosha mkono, akasimama, akasema: "Ndugu mwenyekiti, mie naomba jambo dogo. Mie si Mpemba. Mie Mtumbatu." Mwenyekiti akatabasamu kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo tangu semina. "Ndugu Mpemba," akasema, "mambo ya makabila tumeyazika. Siku hizi sote ni Watanzania." Watu wakapiga makofi. Muuza duka akasubiri makofi yaishe. "Basi vizuri sana. Niiteni Mtanzania." Mwenyekiti akakuna kidevu. "Hapo sasa patakuwa na tabu. Sote ni Watanzania. Tukisema nenda kwa Mtanzania, mtoto atakwenda kwa nani? Atapotea. Wewe tutakuita Mpemba ili tukujue." Makofi tena. Nakumbuka muuza duka alicheka pamoja na wengine, akakaa, na tangu hapo hakunyoosha mkono kwa jambo hilo.

Baadaye ikaja amri ya maduka ya watu binafsi kuwa ya vijiji. Duka likawa la ushirika, yeye akabaki humo humo kama muuzaji wa kijiji, kofia ile ile, mizani ile ile. Likaandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu: DUKA LA USHIRIKA. Hakuna aliyelisoma. Siku moja bwana mkubwa kutoka wilayani akaja na Landrova kulikagua, akafungua kioo na kuwauliza watoto barabarani: "Duka la ushirika liko wapi?" Hawakulijua. Akamuuliza mama mmoja mwenye mzigo wa kuni. Hakulijua. Akamuuliza balozi wa nyumba kumi, yeye mwenyewe mwanachama, balozi akafikiri sana na kusema labda kijiji cha pili. Bwana mkubwa akaanza kupandisha: "Mahali mnaponunua chumvi! Sukari! Khanga!" Balozi akaangua kicheko cha nafuu. "Aa! Kwa Mpemba! Si ungesema tangu mwanzo?" Bwana mkubwa akashuka garini mzima mzima. Kumbe kijijini kuna mtu bado ana duka lake binafsi, tena mbele ya macho ya chama! Akaingia kwa hatua za askari, akamkuta muuza duka anapima sukari. "Wewe ndiye Mpemba?" Muuza duka, mtu ambaye alikuwa ameisubiri nafasi ya kuulizwa swali hilo kwa miaka, akanyooka. "Hapana, ndugu." "Mpemba yuko wapi?" "Kijiji hiki hakina Mpemba, ndugu." "Wananchi wote wameniambia yuko hapa!" "Wananchi hawajui, ndugu."

Mwenyekiti akafika anahema, shati limetoka nje ya suruali. "Mpemba! Mwoneshe bwana mizani!" Bwana mkubwa akamgeukia kwa hasira. "Umesikia? Ananidanganya mchana kweupe!" Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule, akasema kwa unyenyekevu mkubwa: "Hadanganyi, ndugu. Yeye ni Mpemba, ila si Mpemba." Bwana mkubwa akakaa juu ya gunia la chumvi, akaomba maji ya kunywa. Muuza duka akampa maji, kikombe kimejaa hadi ukingoni, akamtazama anavyokunywa kwa makini ambayo wote waliokuwepo waliiona ni heshima. Mimi nilikuja kuijua sababu yake baadaye.

Sasa nifike kwangu. Nilipokuwa mdogo nikitumwa dukani nilikuwa nasimama mbele ya kaunta nisiweze kusema nilichotumwa. Ndiyo, hata chumvi. Watu walinunua wakaondoka, mimi nimesimama tu. Wauza duka wengine wangenifukuza. Yeye alibuni namna yake: aligusa vitu kimoja kimoja kwenye rafu bila kusema neno. Akigusa kiberiti, natikisa kichwa. Akigusa sabuni, natikisa. Akigusa chumvi, nainamisha macho, basi anapima. Tulifanya biashara hivyo muda mrefu, na naweza kusema ni mazungumzo mazuri kuliko mengi niliyowahi kuwa nayo. Siku moja mvua ilininasa pale dukani, akavuta debe nikae, akanisalimia kwa Kisambaa, "Onga mshi," kwa lafudhi iliyofanya salamu ionekane imevaa kofia. Sikuitika vizuri. Akasema, "Nimekosea?" Ndipo nikasema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimepanga kusema mwezi mzima. Nikamwambia nyumbani kwetu hatusemi Kisambaa sana, baba yangu ni Mbugu, babu yangu Mbugu, sisi ni Wambugu wa ukingoni mwa msitu na tuna lugha yetu, ila shuleni na sokoni tunaitwa Wasambaa. "Nawe waitika?" "Naitika." "Mbona?" Nikainua mabega. Akacheka mpaka akashika mizani. "Ah, basi mie na weye ndugu. Wote wawili tumepewa jina la jirani."

Tangu siku hiyo akawa ananisimulia kisiwa chake. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kusoma, nilipofika sekondari nikaenda kukitafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani mwa darasa la jiografia. Pemba niliiona. Unguja niliiona. Karibu na Unguja palikuwa na doa jeusi dogo, nikalikwangua kwa ukucha nikidhani ni la nzi. Halikutoka. Nilipomwambia, nilidhani atakasirika. Alifurahi sana. "Halikutoka, eeh? Ndivyo tulivyo."

Kisha akaniambia kwa nini alikaa huku milimani. Kisiwani kwao, alisema, hapakuwa na kijito wala mto. Ni mawe na minazi, na maji matamu waliyafuata ng'ambo, Unguja, kwa mashua. Alikulia kwenye nyumba ambayo mtungi wa maji ulifunikwa kama Kurani inavyofunikwa. Ukiogelea baharini mchana kutwa bado unarudi nyumbani na kiu, na unapewa kikombe, na unajua kikombe hicho kimevuka bahari. Alipokuwa kijana alipanda huku na mtu anayeuza ng'onda, yule papa mkavu, akiwa na nia ya kumaliza mzigo na kurudi. Gari likasimama Soni. Akashuka kunyoosha miguu, akasikia ngurumo, akaenda ukingoni kutazama, akaona maporomoko. "Maji," aliniambia, akitandaza mikono juu ya kaunta. "Matamu. Yanaanguka tu. Hapana mtu aliyeweka hata ndoo. Nikamuuliza mzee wa pale, haya maji ya nani? Akanitazama kama mwendawazimu. Nikamuuliza, huanguka hivi siku ngapi? Akasema, tangu babu yake. Mwenzangu akapiga honi, akapiga honi. Mie nimesimama." Alikaa Soni, akapanda Lushoto, akapanda tena, akifuata mito kwenda juu kama mtu anayetafuta nani kasahau kufunga bomba, mpaka akafika kwetu ambako maji yanatoka ardhini. Akaoa mjane wa pale, wakaishi vizuri bila mtoto, mkewe akatangulia. Na kila asubuhi kabla ya kufungua duka, hadi uzee wake, alikwenda kijitoni kusimama tu. Watu walisema Mpemba anaswali mbio mbio halafu anakwenda kuzungumza na maji.

Siku aliyoniomba ahadi nilikuwa nimekuja likizo. Alikuwa amekonda, anakohoa, anagusa rafu kunitania ingawa siku hizo ningeweza kusema chumvi bila msaada. Akasema: "Sikiza, binti. Mie nikiwa hai waniite watakavyo, nimeshazoea, wala hawana ubaya. Lakini siku ya kufa mtu husimama mbele ya watu akasema, huyu alikuwa fulani wa mahali fulani. Hiyo siku sitaki kupelekwa na jina la jirani. Mama yangu alinizaa Tumbatu. Mtu mmoja aseme. Neno moja tu." Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyekiti. "Mwenyekiti nimemwambia mbele ya mkutano, akapigiwa makofi." Nikamwambia mimi siwezi, mimi hata darasani siwezi. "Ndiyo maana nimekuchagua weye. Mtu asiyesema, siku akisema watu hugeuka." Nikainamisha macho, kama nilivyokuwa nikifanya akigusa chumvi. Akalichukua hilo kuwa ndiyo, na ilikuwa ndiyo.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyopanda ule mlima siku ya msiba. Kila kona niliirudia ile sentensi: Marehemu ni Mtumbatu. Niliiambia migomba, niliiambia miti ya mipeasi, nikamwambia ng'ombe mmoja ambaye hakugeuka. Nilipofika nikakuta mambo yamekwishaharibika. Kwetu jeneza haliinuki mpaka mtu wa ukoo wa marehemu atamke, "Mchukueni." Marehemu hakuwa na wa ukoo. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, alisema mtu mwema kama huyu hazikwi kama mkiwa, akateremka mbio hadi posta ya Lushoto, akapiga simu Tanga kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Pemba: Mpemba mwenzenu amefariki huku, njooni mumzike. Wapemba wa Tanga nao, watu wa watu, hawakuuliza zaidi. Walifunga maduka, wakapakia lori, wakaja.

Walifika mchana, kanzu nyeupe tupu, na ilikuwa miezi yetu ya ukungu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kuhusu baridi. Walishuka wakitetemeka meno, akina mama wakawapokea kwa mablanketi, na ndani ya muda mfupi mkeka mzima ukajaa wanaume wazito wamejifunika hadi masikioni kama wagonjwa wa malaria, wanaomba chai. Kazi ya kupeleka chai wakapewa wasichana. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama na birika nyuma yao nikisikia wanavyonong'onezana.

"Yakhe, marehemu si wa kwenu Wete huyu?" "Wete twajuana sote. Mie nilidhani ni wenu, Chake." "Chake? Hapana ntu wa Chake akakaa kwenye baridi hii. Atakuwa wa Mkoani." "Mkoani ndiyo kwetu, na mie simjui." Wakanywa chai. Kisha mmoja akasema polepole, "Labda Micheweni." Wote wakatazamana. Katika lori lile hapakuwa na mtu wa Micheweni hata mmoja wa kukataa. "Micheweni," wakakubaliana kwa nafuu kubwa, "hasa, wa Micheweni huyu." Mzee wao, mwenye ndevu nyeupe na blanketi la mama yangu lenye maua ya zambarau, akasaidiwa kusimama. Akasema: "Ndugu zangu, tunawashukuru kwa kumtunza mwenzetu. Huyu ni mtoto wa Pemba, mtu wa Micheweni—"

Nikasema, "Si kweli."

Sikusema kwa sauti. Hakuna aliyesikia ila aliyekuwa karibu na birika. Mzee akaendelea. Nikaona jeneza pale, limefunikwa kwa kitambaa cha kijani, na vijana wanne wamekwisha kulisogelea. Nikajua akishasema "mchukueni" basi, neno langu litabaki na mimi mpaka nami nichukuliwe. Nikafumba macho, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Si wa Micheweni! Ni Mtumbatu!"

Nilipofumbua macho, kila uso kijijini ulikuwa umenielekea. Nilitamani kuinama nitafute kitu, lakini nilikuwa na birika la moto. Kutoka upande wa akina mama nikasikia mama yangu akinong'ona kwa ukali wa nyoka: "Shikamoo! Sema shikamoo!" Nikakumbuka nilikuwa nimemkatiza mzee bila salamu. "Shikamooni," nikasema, na msiba mzima, Wapemba, Wasambaa, Wambugu, mwenyekiti, ukaitika kwa pamoja: "Marahabaaa." Nadhani hata marehemu angecheka. Mwenyekiti akasema, "Binti, haya ni mambo ya wakubwa." Mzee akamzuia kwa mkono. "Mwache. Nani kakwambia, mwanangu?" "Aliniambia mwenyewe. Aliniomba niseme." "Alikwambia nini tena?" Hapo sikuwa nimefanya mazoezi. Nikasema lililokuja: "Alisema kwao maji wanayafuata ng'ambo. Alikaa huku kwa sababu ya maji."

Mzee akalivua lile blanketi la maua, akasimama na kanzu yake peke yake kwenye ukungu. "Basi huyu ni Mtumbatu kweli," akasema. "Nilipokuwa kijana, chombo chetu kiliharibika tukaingia Tumbatu. Mwenye nyumba akanipa maji. Nikanywa, nikataka tena, akanipa tena bila kukunja uso. Asubuhi ndipo nikaona mtungi wao. Nikaona na watoto wao waliokuwa wanausubiri." Akaugeukia mkeka wa wenzake. "Jamani, tumekuja kumzika Mpemba, naye si Mpemba. Turudi?" Sauti zikatoka ndani ya mablanketi: "Turudi wapi, yakhe? Ntu ni ntu." Mzee akasema, "Haya. Mie nasimama badala ya ukoo wake. Nasimama kama jirani, jina lake namwachia mwenyewe. Mchukueni. Mchukueni Mtumbatu."

Jeneza lilipokuwa linapita, mwenyekiti alimsogelea mzee, akamuuliza kwa heshima na sauti ya chini ambayo sote tuliisikia: "Samahani, mzee. Hiyo Tumbatu ni upande gani wa Pemba?"

Wasichana hatuendi kaburini, kwa hiyo yaliyofuata nilihadithiwa na baba yangu mdogo. Anasema baada ya kufukia, wakati wa kumwagia kaburi maji, mtu alileta birika la wudhu kama kawaida. Mzee wa Kipemba akalirudisha. Akauliza kijito kiko wapi. Vijana wakateremka na ndoo, wakaleta, akamwaga. Wakateremka tena, wakaleta, akamwaga. Mwenyekiti mwenyewe akavua viatu akateremka nao. Baba mdogo anasema udongo ulikuwa umelowa kama shamba la mpunga na bado ndoo zinakuja, na hakuna aliyemwambia mwenzake inatosha.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Wengi wenu mmewahi kusimama Mombo mkisubiri gari la kupanda. Kutoka pale milima yetu ni ukuta mmoja wa buluu, na watu wa chini wakiutazama wanasema "kule kwa Wasambaa", basi wamemaliza. Hawakosei kwa ubaya. Kwa mbali kila kitu ni rangi moja. Lazima upande, kona baada ya kona, ndipo ukuta unafunguka unakuta kumbe ni vilima vingi, na kila kilima kina moshi wake na maneno yake. Sisi nasi tukisimama kule juu siku ya jua tukatazama upande wa bahari, tunaona mstari mmoja mweupe, tunasema "kule kwa Wapemba", tumemaliza. Nadhani neno letu lile halikuwa tusi hata kidogo. Tulimpenda. Lakini kumpenda mtu ukiwa umesimama mbali naye ni rahisi, maana hakukugharimu hata swali. Yeye alitujibu kabla hatujamuuliza, na tukampigia makofi mwenyekiti.

Msidhani kijiji hakikujifunza. Kilijifunza sana. Siku hizi hakuna anayesema kwa Mpemba. Duka ni kwa Mtumbatu, ingawa muuzaji wa sasa ni Msambaa mtupu. Na Jumapili iliyopita, siku ya soko, nilikuwa natoka Lushoto mjini na fungu la karoti, nikasikia mtu ananiita kwa uchungu. Alikuwa mmoja wa vijana waliokuja kwenye lile lori. Ameipenda milima, sasa hupanda kuuza dagaa, safari hii akiwa na sweta. "Binti! Ni weye uliyewafundisha watu wa juu? Kila nikipita watoto wananikimbilia, Mtumbatu, Mtumbatu! Nawaambia mie Mpemba, Mpemba wa Wete, wananambia hapana, Wapemba hawapo tena, tulikosea. Mie nitakwenda wapi?" Nikashindwa kujizuia, nikacheka katikati ya soko, watu wakageuka, na sikuangusha kitu. Nikamwambia nitawaeleza. "Waeleze, tafadhali," akasema, akinifungia dagaa za bure. "Haifai kumwita ntu jina lisilo lake. Nyie Wasambaa mna tabu kweli."

Nikapokea dagaa, nikasema shukrani. Kisha nikaweka karoti chini, kwa sababu nilitaka kulisema vizuri.

"Mimi," nikamwambia, "ni Mbugu."